Antena Moja, Nyumba Mbili

Mume wangu Mohamadi hununua vitu viwili viwili. Vitenge viwili, sufuria mbili, friji mbili. Hata ufagio ukivunjika nyumbani kwangu, mke mwenzangu Ramla naye anapata mpya. Haki ni haki, anasema, na mtu anayezunguka Bengamisa na Ubundu kuuza paneli za sola hana nafasi ya kusuluhisha wanawake. Mimi ni Hadidja, mke wa kwanza, Mama Issa. Nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda kunichunguza.

Basi aliporudi kutoka Kampala na antena, zilikuwa mbili.

Zenyewe ni vijiti vidogo, urefu wa kidole cha shahada, vya kuchomeka kwenye kompyuta. Nyumba zetu ziko kiwanja kimoja hapa Kabondo, yangu mbele, ya Ramla nyuma, na betri zote za sola zinakaa kwangu. Mohamadi alitaka taa na friji za nyumba zote mbili ziongozwe na kompyuta ndogo iliyowekwa kando ya betri. Jua likipungua, friji zipumzike. Mtu akisahau taa, aizime kwa simu. Amri zinapita hewani, na antena ndiyo inayozitoa.

Fundi alikuwa Rolly, kijana wa Wagenia, wale wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Aliziangalia antena zote mbili, akairudisha moja katika boksi.

"Papa Issa, tutatumika na moja tu."

"Sababu gani moja? Miye niko na bibi wawili."

"Bon, taa hazijue mambo ya bibi. Réseau, ile mtandao ya taa, iko na chef moja tu. Ukitia wawili, taa zitachanganyikiwa."

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hilo mimi nililijua tangu siku Ramla alipoteremka kwenye teksi na mikufu yake. Antena ikachomekwa kwangu, nami nilifurahi mpaka nikapika lituma, ndizi za kuponda, siku isiyo ya zamu yangu. Ile ya pili Mohamadi alimpelekea Ramla ndani ya boksi lake, haki ni haki, naye akaisimamisha katika kabati la vioo, kati ya glasi za wageni. Kila aliyeingia aliuliza ni kitu gani. "Ni antena yangu," alijibu, bila haya.

Lakini taa zake hazikusikia. Kati yetu kuna ukuta wa matofali mazito, jiko la mabati tunalopikia wote, na tangi la maji. Taa za kwangu ziliitika kabla sijaondoa kidole. Za kwake ziliitika zikipenda, na swichi za ukutani Rolly alikuwa ameshaziondoa. Siku wageni wa Mohamadi kutoka Ubundu walipokula kwake, taa ya sebule ilikataa kabisa, wakatafuta miiba ya samaki kwa tochi za simu. Nilimpa Ramla pole. Kisha niliingia ndani nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mohamadi akamwita Rolly.

"Antena iko kwa mugongo ya ordinateur, pembeni ya batri," Rolly alisema. "Pale inasikia makelele tu. Tuitoe, tuilete katikati ya parcelle, kati ya nyumba mbili."

"Na ordinateur?"

"Itabakia kwa Mama Issa. Antena tu ndio itatembea."

Alitueleza kwamba waya wa kawaida wa antena haufiki mbali, nguvu zinaishia njiani. Kwa hiyo alileta viboksi viwili: kimoja cha kukaa kwenye kompyuta, kingine cha kushika antena, na kati yao waya wa kijivu wa mtandao, uliopitishwa ndani ya bomba chini ya ardhi ili jembe lisiukate.

"Ordinateur itaamini antena iko bado kwa mugongo yake," alisema.

Kompyuta iliweza kudanganywa. Mimi sikuweza.

"Antena yangu haitoki," nikasema. "Chukueni ile ya kabati."

Rolly akakuna shingo. "Mama, ile ya kabati haijue taa hata moja. Hii ndio inazijua zote."

"Hadidja," Mohamadi alisema, na akiniita kwa jina najua amechoka, "itakaa kwa jiko. Jiko ni yenu wote."

Nilileta kamba ya kuanikia nguo, nikapima kutoka mlango wangu hadi wake, nikaikunja, nikachora alama ya katikati kwa mkaa. Rolly hata hakuiangalia. Pale mabati yangeziba, alisema, akaifunga antena kwenye nguzo ya mti pembeni mwa jiko, upande wa Ramla. "Redio haijue katikati, Mama." Ramla akamletea chai. Taa zake zote ziliwaka mara moja, mchana kweupe, naye akapiga makofi. Nilijihisi kama niliyelea mtoto, na mtoto akahamia kwa mke mwenza.

Kisha Mohamadi akafanya kosa. Mpaka siku ile kila simu iliongoza taa za nyumba yake tu; sasa alitia katika simu zetu wote wawili taa zote za nyumba zote mbili. Haki ni haki.

Jioni ile zamu ilikuwa ya Ramla. Harufu ya samaki ilinifikia, na kicheko cha Mohamadi, kile kirefu ambacho kwangu hakijasikika tangu mwaka jana. Nilifungua simu. Sebule, Ramla: inawaka. Nikagusa. Kicheko kikakatika. Ikawaka tena, nikagusa tena. Mara taa ya kwangu ikazimika, nikabaki gizani na sahani mkononi, na betri zilikuwa zimejaa tele. Nikaelewa. Msichana naye alikuwa amejifunza simu yake.

Tulipigana hivyo wiki nzima. Mchana tulisalimiana vizuri na kutwanga pondu, majani ya muhogo, katika kinu kimoja. Jioni hakuna aliyemaliza kula kwenye mwanga. Mohamadi alitawadha gizani, akajikwaa kwenye ndoo, akamlaani Rolly na waya wake.

Ila simu ilinionyesha jambo jingine, nalo nililificha. Siku za zamu yangu, taa ya chumba cha Ramla ilikuwa haizimwi. Nikilala, inawaka. Nikiamka kwa swala ya alfajiri, bado inawaka. Ile sikuigusa hata mara moja. Ilikuwa asali yangu. Miaka yote niliamini analala fofofo, mchanga, mzuri, hana la kumkosesha usingizi. Kumbe! Niliiweka simu chini ya mto na kulala vizuri kuliko nilivyowahi kulala tangu aolewe.

Ijumaa, baada ya swala, Mohamadi alimleta Rolly na ngazi yake.

"Ondoa câble yako yote. Na pale mjini Makiso, kila mwenye duka atajua kazi yako iko namna gani."

Rolly alipima upande wa kompyuta, akapanda akapima upande wa antena. "Papa, câble iko muzima. Viboksi viko vizima."

"Alors, ni shetani anazima taa?"

Kijana alichukua bisibisi. Alianza kufungua vifungo kimoja kimoja. Mimi nilitazama chini. Sitadanganya, sikumfikiria yeye. Nilifikiria ile taa ya chumbani, kwamba leo naipoteza.

"Papa Nadia, mwache." Alikuwa Ramla, binti yake anaitwa Nadia. "Ni miye nilikuwa nazima."

Nilingoja radi. Mohamadi alimtazama, uso ukalegea, akacheka kidogo. "Hata vile umesema kweli. Uko na roho nzuri, Ramla."

Roho nzuri! Mbele yangu! Wivu ulinipanda. Mume tumegawana, jiko tumegawana, lakini sifa ile asingeila peke yake.

"Miye ndio nilianza," nikasema. "Siku ya kwanza. Yeye alijibu tu."

Juu ya ngazi Rolly aliuma midomo. Mohamadi alinitazama mimi, akamtazama Ramla. Makosa nayo alikuwa ameyapata mawili mawili. Alimwomba Rolly msamaha, akamwambia afunge kila kitu kama kilivyokuwa, akaondoka bila kula.

Tulibaki jikoni, chini ya antena, tukitwanga.

"Kwa nini ulijisema?" nilimuuliza.

"Sikutaka watoe câble, Yaya." Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyoniita.

"Sababu?"

Alitwanga kwanza. "Siku zangu, naonaka taa ya chumba yako. Haizimikake. Zamani sikujua. Nilifikiriaka wewe unalalaka tu, bibi ya kwanza, mukubwa, hauna neno. Sasa nikiiona, nalala muzuri."

Niliuacha mchi ndani ya kinu. Mimi nilikuwa na asali yangu, kumbe naye alikuwa na yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unafurahi?"

"Ndiyo," alisema. "Na wewe, Yaya?"

Nikashika mchi tena.

Jioni ile zamu ilikuwa yake. Nilijilaza macho wazi, taa inawaka. Ikazimika. Nikaiwasha. Ikazimika. Nikaiwasha kwa hasira: yeye ni nani wa kunilaza kama mtoto? Ilipozimika mara ya tatu, niliiacha.

Kesho yake Mohamadi alikuwa kwangu. Alipogeukia ukutani, nilifungua simu. Chumba, Ramla: inawaka. Nilikaa nikaiangalia.

"Unafanya nini na telefone, Mama Issa?"

"Nazima taa."

"Yetu imeshazimika."

"Lala, Papa Issa."

Nikagusa. Ikawaka tena, kama nilivyojua. Nikagusa mara ya pili, nikangoja ya tatu.