Jiko Lililowaka Bila Umeme

Nimechoka, na sioni sababu ya kuficha. Kwa miezi minne nimeingia jikoni mwa nyumba arobaini na fomu mkononi, kuuliza watu wanapikia nini, mara ngapi kwa siku, na kama wanalipenda jiko jipya la umeme tulilowagawia ili waachane na mkaa. Wote wanalipenda. Hata yule aliyelitandikia kitambaa na kuweka televisheni juu yake analipenda mno.

Ofisini tuko wanne na feni moja mbovu. Mkuu wa mradi tunamwita Bwana Asilimia, maana hata ukimsalimia anakujibu kwa hesabu. Jumatano asubuhi alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, matumizi ya majiko yakivuka asilimia sabini, mradi unakwenda nyumba elfu mbili. Ijumaa nataka ripoti mezani."

"Utaipata, mkuu."

"Na yule mama wa asilimia tisini na sita, picha yake tunaiweka kwenye jalada."

Yule mama ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyenisukuma kwenye kazi hii bila kujua, kwa kikohozi chake. Miaka thelathini ya kupikia mkaa kwenye chumba chenye kidirisha kimoja imemmaliza kifua. Daktari alimwambia waziwazi kwamba moshi ukiendelea, hana miaka mingi. Kwa hiyo orodha ya nyumba ilipopangwa, nilimchomeka. Ndiyo, nilipendelea. Anayetaka kunihukumu aje kwanza akae naye saa moja, amsikie anavyopumua.

Kwa kuwa watu husema lolote mbele ya mgeni mwenye fomu, kila jiko tulilibandika kipimajoto kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, chenye betri yake. Jiko likipata moto, chenyewe kinaandika saa na joto na kuvituma ofisini. Hakijui aibu wala adabu za wageni, ndiyo maana tulikiamini. Cha shangazi kilionyesha moto asubuhi, mchana na jioni, karibu kila siku ya Mungu. Nilikuwa naufungua mchoro wake kila nikiishiwa nguvu, nautazama tu, kisha naendelea na kazi.

Siku hiyo niliufungua ili niuingize kwenye ripoti. Jicho langu likatua Alhamisi iliyopita, saa saba mchana: moto mkali. Alhamisi hiyo sisi tulishinda ofisini tukijipepea kwa mafaili, kwa sababu umeme ulikatika mji mzima tangu alfajiri mpaka magharibi. Jiko la umeme la shangazi yangu lilikuwa limepika bila umeme.

Nikaangalia nyumba nyingine za mtaa ule. Sita nazo zilipika mchana huohuo. Nikafunga kompyuta, nikatoka bila kumuaga mtu.

Nilimkuta shangazi kwenye kigoda, anapepea makaa. Kipimajoto changu kilikuwa kimefungwa kwa waya ubavuni mwa jiko la mkaa, kwa ustadi ambao mafundi wetu hawana. Jiko la umeme lilikuwa kona, linang'aa, limepangwa sahani juu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo si siku yako?" Akavuta upindo wa nguo yake kukifunika kipimajoto.

"Nimeshakiona, shangazi. Kinafanya nini huko?"

Akaacha kupepea. "Kilikuwa kinashinda baridi. Si ulisema mwenyewe, kikilala baridi na wewe kazi huna?"

Nilisema. Nilisema kwa utani, mwezi wa kwanza, mdomo umejaa chakula chake.

"Na la umeme?"

"Nikiliwasha, taa za wapangaji wote zinafifia, halafu swichi kubwa inajizima. Mara ya pili walinijia mlangoni utadhani nimeiba. Tena umeme wenyewe ukikatika, unakatika saa za kupika. Maharage yaliyoiva nusu nimpe nani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama nalipenda. Nalipenda."

Maswali yale sitini na nne niliyatunga mimi. Hakuna hata moja linalouliza kama umeme upo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Na majirani?"

"Niliwaomba. Wanakupenda."

Hapo ndipo nilipotazama vizuri yale makaa. Yalikuwa mekundu, yamekolea, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Sufuria iko wapi, shangazi? Unapika nini?"

"Sipiki. Mimi nakula mara moja kwa siku, kifua kikibana hata hiyo moja siitaki." Akakohoa, akashika ukuta, akasubiri kipite. "Lakini kidude chako kinataka mara tatu."

Nikakaa sakafuni. Mwanamke huyu alikuwa akiwasha moto mara moja kwa siku. Mbili za ziada, kwa miezi minne, nimemwashia mimi. Nilijichukia.

Nikakifungua kipimajoto, nikalibeba jiko la mkaa nikaliweka koridoni, ingawa mwenye nyumba hataki moto huko. Kisha nikampigia Bwana Asilimia palepale.

"Mkuu, takwimu zangu hazifai. Majiko hayatumiki."

"Nyumba ngapi?"

"Saba nina hakika nazo. Hizo nyingine siziamini tena."

"Ziondoe hizo saba, dada, tuendelee. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, unalijua hilo?"

"Nalijua. Ijumaa nitaandika kilichotokea." Akakata simu.

Shangazi alikuwa amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Miezi minne nakula moshi kwa ajili yako, halafu unaufuta wote kwa simu moja?"

"Shangazi, nakuomba, usiwashe tena mkaa humu ndani."

"Haya. Siwashi." Akajishika kiuno. "Umeme umekatika tangu saa nne. Mkaa hutaki. Maharage nimeloweka tangu jana. Wewe ndiye msomi wetu, niambie basi, nipikie nini?"

Nimewahi kulijibu swali hilo kwenye mikutano, kwa michoro ya rangi, na watu wakapiga makofi.

"Sijui, shangazi."

Akanitazama, na hasira ikamtoka yote, ikabaki huruma. "Na wewe hujala tangu asubuhi," akasema. "Unaonekana."

Akainuka kwa kushika ukuta, akatoka koridoni, akalirudisha jiko la mkaa ndani, akateleka maharage. Sikumzuia. Nilikuwa na njaa kweli.