Chokoleti Isiyouzwa

Mjane huyu walimwita Ulimi, na jina hilo hakulipata bure. Mwekee vikombe sita vya kahawa visivyo na alama yoyote, atakwambia ipi imekaangwa kwa pupa, ipi imelala ghalani mpaka ikachoka, na ipi ilinyeshewa ikiwa imeanikwa, mwenyewe akanyamaza kimya. Wakaangaji wadogo wadogo wa mji mzima walimletea mifuko yao ya karatasi, wakakaa pembeni wakisugua vidole kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Akikunja uso, mtu anarudi kwake kuanza upya. Akitabasamu, basi, mtu huyo usiku analala usingizi mnono.

Sasa sikia balaa. Tangu amzike mumewe, ulimi ule ulikufa ganzi. Kahawa, chumvi, pilipili, vyote kwake vilikuwa maji ya moto. Mwanzoni alidhani ni kilio, kwamba machozi yamemziba. Miezi ikapita, machozi yakakauka, ladha haikurudi. Wala hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na jina lake ndilo hilohilo?

Kazi yenyewe ilikuwa ya familia. Chumba cha mbele kilikuwa na pipa la kukaangia buni, mahali pa marehemu. Cha kati kilikuwa na meza ndefu ya kuonjea. Cha nyuma kilikuwa himaya ya wifi yake, dada wa marehemu, aliyetengeneza chokoleti mwenyewe tangu mbegu ya kakao hadi kipande kilichofungwa karatasi. Wifi alikuwa mwanamke wa maneno machache na amri nyingi. Kwake huingii umejipulizia manukato, huingii umetoka kumenya kitunguu, kwa sababu chokoleti, alisema, ina njaa. Inakula harufu yoyote iliyo karibu nayo na ikishakula haitapiki. Marehemu alikuwa akimtania kwamba iko siku atawavua wateja nguo mlangoni.

Kuonja kahawa nako kuna adabu zake. Unasaga, unamimina maji ya moto, unasubiri mpaka unga upande juu na kufanya utando. Unainama pua ikaribie kabisa, unaupasua utando kwa kijiko, unavuta ule mvuke wa kwanza. Kisha unachota, unafyonza kwa kelele, fyuu, kahawa isambae mdomo mzima, halafu unaitema koponi. Kufyonza kistaarabu ni kosa. Na katika nyumba hii, hakuna kusema neno mpaka kikombe cha mwisho, mtu asije akamtilia mwenzake maneno mdomoni.

Sheria hiyo ya ukimya ndiyo iliyomsitiri Ulimi. Alifyonza, akatema, akamtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. Nyusi zikipanda, ina uchachu. Midomo ikibana, imeungua. Mwisho alitamka kwa madaha yale aliyoyasoma usoni, na wifi akaafiki kila kitu, kwani nani atabishana na mawazo yake mwenyewe?

Shida ni kwamba ndani ya ukimya ule palikuwa na mtu wa tatu.

Marehemu alikuwa akifyonza kwa fujo kuliko wote, fyuuu ndefu yenye mkato mwishoni, kama mtu aliyekumbuka jambo. Sasa Ulimi akishafyonza, na wifi akishafyonza, vijiko vyote viwili vimerudi mezani, ndipo upande ule wa dirishani inasikika fyuuu. Na mkato wake. Mara ya kwanza aliinua kichwa kwa ghafla hata akamwaga kikombe. Wifi akamwuliza kwa macho kuna nini, naye akatikisa kichwa, hakuna kitu. Vinyweleo vilimsimama mpaka mchana. Hakuthubutu kumwuliza wifi kama naye amesikia, maana aliogopa jibu la ndiyo na aliogopa jibu la hapana.

Wakati huo kulikuwa na mteja aliyetarajiwa, mwenye duka la vitu vya kuchagua. Alitaka kahawa na chokoleti zinazokwenda pamoja, aziuze kwenye boksi moja, na kuzilinganisha ilikuwa kazi ya Ulimi. Wifi akatoa kibao kimoja kabatini kwake. Chokoleti ikishamiminwa huachwa kwenye vibao majuma kadhaa ikomae, ndipo iyeyushwe tena na kumiminwa vipande vya kuuza, na vibao hivi vilikuwa ndiyo kwanza vimekomaa. Akammegea kijipande, akarudi kwenye mashine yake ya kusaga.

Ulimi akakitia mdomoni bila tumaini lolote, akijiandaa kutafuna nta ya mshumaa. Kikaanza kuyeyuka. Na mumewe akaingia.

Sitii chumvi. Hakumkumbuka mumewe, alimwonja. Ile dawa ya kuchua yenye karafuu aliyokuwa akijipaka begani, moshi wa kahawa ulioganda ukosini, sabuni ya mche, na jasho la mtu aliyesimama mbele ya moto tangu asubuhi. Akaishika meza. Mkono ukaenda kwenye kopo ili ateme, kisha akafumba mdomo kwa nguvu, maana atamtemaje mumewe, tena koponi? Machozi yakamtiririka. Kilipokwisha akachota kahawa iliyokuwa imeshapoa, akafyonza. Ganda la chungwa! Ganda la chungwa na sukari iliyoungua kidogo. Ladha ilikuwa imerudi, ikakaa naye kwa kikombe kimoja kizima, ikaondoka.

Basi tangu siku hiyo mwanamke mzima na heshima zake akawa mwizi wa chokoleti. Wifi akitoka kwenda kufuata kakao, yeye huyo chumba cha nyuma. Anafungua kabati nusu, anaingiza mkono bila kutazama, anachomoa kibao kilicho karibu, anafunga. Anaketi juu ya gunia, anakula, na kusema naye. Alimweleza kwamba pipa lake limeanza kulia kwenye mhimili, kwamba wifi amekonda, kwamba kitanda kimekuwa kikubwa mno. Alimwuliza kama huko aliko kuna baridi. Hakujibiwa, lakini asubuhi iliyofuata mezani ile fyuuu haikutoka tena dirishani. Ilitoka karibu, usawa wa bega lake la kushoto, na hakuruka. Aliona ni sawa tu, na hilo la kuona ni sawa ndilo lililomtisha zaidi, alipolifikiria baadaye.

Alijua vema anachokifanya. Kila kibao kilichokwisha kilikwisha kabisa, na vibao vya kakao nyingine vilivyokaa nje ya kabati lile, alivyovijaribu kwa siri, vilikuwa nta tupu. Alijiapia kwamba kesho hatagusa. Kesho ikifika, akagusa.

Wifi aliona vibao vinapungua, akalaumu panya. Akatega mitego kila kona. Jioni moja akasema, uso mkavu, kwamba panya huyu ana malezi mazuri, anakula na kufunga mlango. Ulimi akajibu kwamba panya wa siku hizi wamesoma, mambo yakaishia hapo.

Mteja akaja. Mtu wa makamo, mpole, kavaa viatu vinavyolia kwa kila hatua. Wakamketisha mezani katikati yao, wakamimina maji, wakapasua utando, wakafyonza wote watatu. Mteja akatema, kisha akageuza kichwa kutazama nyuma ya Ulimi, karibu na bega lile, akakunja uso kidogo. Akasahau sheria ya ukimya. Akauliza kwa adabu kama kuna mwenzao mwingine ambaye hajatambulishwa. Ulimi alihisi damu ikimhama mwilini. Wifi akasema nyumba hii ni ya watu wawili tu, akamsogezea kisahani cha chokoleti upesi upesi.

Mteja akala kipande. Akafumba macho hata wakadhani amepatwa na jambo.

"Hii ina mtu ndani yake," alisema mwishowe. "Nimeonja chokoleti nyingi nzuri, zote ni tamu tu. Hii ina mtu. Mliyo nayo ya aina hii naichukua yote. Nionyesheni mnakoiweka."

"Haiuzwi," alisema Ulimi.

"Haiuzwi," alisema wifi, papo hapo, maneno yao yakagongana hewani.

Wakatazamana. Mteja naye akawatazama, mmoja baada ya mwingine, akaona hapa pana jambo la wenyewe. Akachukua chokoleti nyingine, nayo nzuri, akashukuru, akaondoka na viatu vyake. Wanawake wawili wakabaki na vikombe vilivyopoa.

Ulimi ndiye aliyeanza. Akauliza kwa sauti ya chini wifi amekataa kwa nini, na mteja mwenyewe ndiye waliyekuwa wakimngojea kwa hamu. Wifi akainuka kama mtu aliyeitwa kizimbani, akaingia chumba cha nyuma, akafungua kabati milango yote miwili. Kibao kilikuwa kimebaki kimoja, nacho kimemegwa. Nyuma yake, pale ambapo mkono wa mwizi haukuwahi kufika, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe. Wifi akakifungua. Ndani yake mlikuwa na shati la buluu la mistari.

Shati hilo Ulimi alilitafuta nyumba nzima mpaka chini ya magodoro. Ndilo alilokuwa amelivaa marehemu siku aliyoanguka mbele ya pipa. Ndugu walipokaa kugawana nguo, yeye aliomba kitu kimoja tu, shati lile, wakamwambia halionekani. Na wifi, mbele ya wazee, alikula yamini kwamba hajaliona.

"Uliniapia," alisema Ulimi. "Nilikuwa natambaa sakafuni natafuta, na wewe umesimama unanitazama."

"Ulikuwa na kitanda chake, una godoro lake, una jina lake," alisema wifi. "Mimi nilibaki na nini? Nilimbeba mgongoni mtu yule kabla wewe hujajua kama amezaliwa."

Kisha akamwaga yote. Alilificha pale kwa sababu ndilo kabati pekee ambalo Ulimi hakuwa na shughuli nalo. Siku za mwanzo alilifungua kila asubuhi, akazika uso humo, akafunga. Halafu akaogopa kwamba atalimaliza kwa kunusa. Akalifunga kwenye kitambaa, akajizuia, akaliweka akiba kwa siku atakayozidiwa. Chokoleti ile aliionja siku ya kuimimina tu, kabla haijaingia kabatini. Baada ya hapo hakuigusa. Leo alikataa kuuza ili mgeni asifungue mlango akaliona shati. Hilo tu. Mwanamke aliyefukuza watu kwa harufu ya kitunguu alikuwa ameweka shati la kaka yake katikati ya chokoleti changa, na msiba ulikuwa umemfumba macho asilione kosa lake mwenyewe.

Ulimi alilinyakua. Alikuwa amejaa hasira mpaka masikio yanamvuma, na alikusudia kuondoka nalo, aende nalo chumbani afunge mlango kwa ufunguo, wifi agonge mpaka achoke. Akazika uso ndani yake, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Akavuta tena. Akaligeuza, akanusa kwapani, akanusa ukosini. Pua yake haikuwahi kumdanganya, ulimi ndio uliokufa. Akampa wifi shati.

Wifi akanusa. Akanusa mara ya pili akiwa amekaza macho, na ya tatu mkono mzima, kuanzia begani hadi kwenye vifungo. Lilikuwa linanukia kakao, vizuri sana, kama kipande chochote cha dukani. Hapakuwa na mtu mle.

"Ameenda wapi?" aliuliza.

Ulimi akakitazama kibao kilichobaki. Wifi akafuata macho yake, na kwa kuwa alikuwa mjuzi wa kazi yake, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akauliza vibao vingine viko wapi, akiwa ameshalijua jibu, maana panya mwenye malezi mazuri alikuwa amesimama mbele yake.

"Nimekula," alisema Ulimi. "Vyote. Nisamehe. Sikujua nakula kitu chako."

Wifi akakaa juu ya gunia. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alishika mapajani shati lisilo tena na harufu ya kaka yake, akalikunja, akalikunjua, akalikunja. Alisema kwa sauti ndogo sana kwamba alijinyima, siku zote zile alijinyima makusudi, ili abaki na kitu.

Hasira ya Ulimi ikaisha yote kwa mara moja. Alikitwaa kibao. Kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani. Alijua kwamba ndani yake mna mabaki ya mwisho ya mumewe, na kwamba ulimi wake nao umo humo humo. Kikiisha, kahawa zote za dunia zitakuwa maji ya moto, na safari hii pengine milele. Mate yalimjaa mdomoni. Akapiga moyo konde, akakiweka kwenye mkono wa wifi yake.

Wifi akakivunja katikati, akamnyooshea nusu.

"Kula wewe," alisema Ulimi. "Mimi nimeshashiba."

Wifi akatia mdomoni kipande kimoja, kisha cha pili. Ulimi alikaa karibu naye kwenye gunia, bega kwa bega, akamwona akishtuka, akaona mkono ukiruka kuziba mdomo, na macho yakifunguka kuelekea mlangoni kana kwamba mtu ameingia. Kwa muda mrefu hakusogea. Alipumua kwa pua, polepole, shavu limevimba, machozi yanashuka hadi kidevuni na hayafuti.

"Meza, wifi yangu," alisema Ulimi, akimshika mkono. Tangu mazishi hakuwahi kulitamka neno lililofuata, na alilitamka sasa taratibu, kama anavyoambiwa mgonjwa. "Meza tu. Amekufa."

Wifi akatikisa kichwa, midomo kaibana, hataki kumeza.