Chupa Isiyoisha

Fusae alikuwa amejiwekea sharti: atasema siku chupa itakapoisha. Shida ni kwamba kwenye baa ya Handa chupa haiishi. Mteja hununua chupa nzima ya shochu, pombe kali ya Kijapani ya viazi vitamu, jina lake huandikwa juu yake kwa kalamu ya rangi nyeupe, na chupa hukaa rafuni ikimngoja arudi. Ikibaki kina cha vidole viwili, Handa huweka mpya kando yake kabla mtu hajaagiza. Kwa miaka thelathini na mmoja rafu ile haikukosa jina la mumewe, Shigemitsu, na Shigemitsu hakukosa Ijumaa, ila mara mbili: mazishi ya mama yake, na mwaka ule theluji ilipofunga barabara zote za Toyama.

Shigemitsu aliipanga siku hiyo mwenyewe, binti yao Mayumi alipotimiza miaka miwili. "Ijumaa ni yetu," alisema. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za treni, na alichokipanga kilikwenda. Kila wiki saa kumi na mbili na nusu jioni waliingia, yeye akakalia stuli ya nne, Fusae ya tano, wakaletewa figili iliyochemka kwenye mchuzi, kibua wa kuchoma, na maji ya moto ya kuchanganyia. Hakumpiga, hakumtukana, hakulewa. Wanawake wa mtaani walimwambia Fusae ana bahati ya mtende. Fusae hakuwa na shtaka lolote la kumfungulia mumewe, na hapo ndipo alipokwama. Mlango ambao haukufungwa na mtu, utamwomba nani aufungue?

Mwezi uliopita kituo cha jamii kilimwomba awafundishe kusoma wanawake wa Kivietinamu wanaofanya kazi katika kiwanda cha samaki. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, akastaafu, na tangu hapo hakuna aliyemwomba kitu. Darasa lilikuwa siku moja tu kwa wiki, Ijumaa, wanapotoka kazini mapema. Bi Orito wa kituo alitaka jibu leo Ijumaa, kabla ya saa mbili usiku. Baada ya hapo angempigia mtu mwingine.

Saa moja na dakika arobaini Shigemitsu alikwenda chooni, akaacha kofia yake juu ya stuli, kama walivyozoea, mtu asije akakaa. Chupa ilibaki na vidole vitatu. Fusae aliimimina yote kikombeni, bila maji, akanywa.

Handa aliyekuwa akigeuza samaki akamtazama. "Shemeji, leo ni kiu au ni hasira?"

"Ni haraka."

"Haraka haina baraka."

"Wewe geuza samaki, Mzee Handa, anaungua."

Shigemitsu alirudi, akainyanyua chupa, akaitazama kwenye mwanga. "Mama Mayumi. Umeimaliza."

"Nimeimaliza. Nina neno, Baba Mayumi."

Lakini Handa alikwisha kuinama chini ya kaunta. Akaibuka na chupa ya karibu lita mbili, imefungwa utepe mwekundu. "Zawadi yenu kutoka kwa wateja wote," alisema. "Hakuna wengine waliokaa hapa miaka thelathini na mmoja bila kununiana."

"Sisi tuna miezi mitatu tu, tumeshagombana mara saba," alisema kijana mmoja kwenye stuli ya mwisho.

"Nane," alisema mkewe. Baa nzima ikacheka.

"Hii itawafikisha sikukuu ya wafu, mwezi wa nane," Handa alisema. "Na leo andika wewe, shemeji. Miaka yote ni jina la bwana tu."

Fusae alishika kalamu. Wote walimtazama. Aliandika Shigemitsu, akaiweka kalamu chini.

Mumewe alivaa miwani, akasoma, akatabasamu. Akaichukua kalamu, na kwa mwandiko wake wa vibao vya stesheni akaongeza chini yake: Fusae. "Umejisahau," alisema.

"Msiguse, rangi mbichi hiyo," alisema Handa. "Mpaka zipite dakika tano."

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Fusae alilitazama jina lake. Ijumaa kumi na mbili, alipiga hesabu, na kabla hazijaisha Handa atakuwa ameweka nyingine. Alichukua kitambaa cha moto cha kufutia mikono, akafuta mara moja. Jina likawa doa jeupe. Akafuta tena, kikabaki kioo kitupu cha chupa.

Handa alirudi kwa samaki wake, ingawa walikuwa wameshaiva.

"Sikujisahau," Fusae alisema. "Ijumaa ijayo sitakuja. Nimepata darasa la kufundisha."

"Ijumaa hiyo moja?"

"Zote."

"Hakuna siku nyingine?"

"Hakuna."

Shigemitsu alivua miwani. "Ungeniambia tu," alisema.

"Ningekuambia lini? Kila nikifungua mdomo, unanimiminia."

Shigemitsu akatazama mkono wake. Ulikuwa umeshika birika la maji ya moto, juu ya kikombe cha mkewe. Akalitua.

Fusae alitoa simu mkobani, akapita chini ya pazia fupi la mlangoni. Nje kulikuwa na manyunyu. Bi Orito alipokea kwenye mlio wa pili. Kupitia kioo, Fusae alimwona mteja mpya akiionyesha stuli ya tano, na Shigemitsu akitikisa kichwa, akichukua kofia yake na kuiweka juu ya stuli hiyo.

"Ni mimi, Fusae," alisema. "Ijumaa nitakuwepo."