Kapo ya Penseli

Zawadi ilifika Jumamosi asubuhi ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini, na mzee Penseli alipoifungua tu, akataka kuifunga tena. Ilikuwa kapo. Tena si kapo ya mchezo: ya chuma cheupe, springi ngumu, raba laini upande wa nyuzi, inang'aa kama kijiko cha wageni. Binti yao wa mwisho, aliyepata kazi juzijuzi, ndiye aliyeituma, pamoja na ujumbe kwenye simu ya mama yake: mwambie baba aache kututia aibu na ule mpira wake wa baiskeli.

"Unaona mtoto anavyokujali," mkewe alisema. "Leo tukipiga hotelini utaitumia."

"Acha niizoee kwanza."

"Utaizoea huko huko."

Kwa asiyepiga gitaa, kapo ni kibanio tu. Unakibana shingoni, kinakandamiza nyuzi zote kwa pamoja, na gitaa zima linapanda sauti bila wewe kubadilisha mpangilio wa vidole. Ukikisogeza kuelekea tumboni mwa gitaa, sauti inapanda zaidi. Ukikirudisha kuelekea kichwani, inashuka. Ndiyo hayo tu, wala usitishwe na wapiga gitaa wanaoweza kubishana juu yake mpaka chai ikapoa. Wapo wasiokubali kugusa isipokuwa ya bei mbaya. Na wapo kama Penseli, ambaye tangu ujana wake alilaza kipande cha penseli juu ya nyuzi na kukikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ndipo lilipotoka jina lake. Lile alilopewa na wazazi walilijua watu wa benki peke yao.

Watu walidhani ni ubahili. Na mkono wa birika alikuwa nao, tusimsafishe sana. Ila sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Mpira ule ulikuwa mweusi, na shingo ya gitaa lake nyeusi, kwa hiyo mtu aliyesimama mbele na maiki mkononi, hata ageuke vipi, asingeweza kuona kapo imefungwa wapi. Na mtu huyo alikuwa mke wake.

Walipoanza kuimba pamoja, kapo ilikaa kwenye freti ya tano. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa shingoni. Hapo kwenye tano mkewe aliimba wimbo wao mkubwa, ule ambao watu walikuwa wakiuomba mara mbili kwa shughuli moja, na noti yake ya juu aliifikia bila hata kukunja uso. Kisha akajifungua mtoto wa mwisho, akaugua kifua, na aliporudi jukwaani Penseli akasikia ile noti ikikwaruza. Hakuna mwingine aliyesikia. Shughuli iliyofuata akafunga kapo freti ya nne, kimyakimya. Mkewe akaimba vizuri, akashuka jukwaani anacheka, akasema kumbe kifua kimepona. Hebu niambie, ungemwambia nini mtu kama huyo?

Miaka ikaenda. Nne ikawa tatu, tatu ikawa mbili. Bendi nzima ilijua, maana kila mmoja alilazimika kushuka pamoja naye, na hakuna aliyemwaga mtama. Kaseti yao ya zamani ikipigwa mahali, mkewe husema redio hiyo inakimbiza kanda, ndiyo maana sauti iko juu vile. Penseli humuunga mkono, kwamba redio za siku hizi ndivyo zilivyo.

Kilichomfunga mdomo ni kiapo. Mkewe alikuwa na dada mkubwa, mwimbaji pia, aliyeng'ang'ania jukwaa mpaka watu ukumbini wakawa wanamwigiza. Mkewe alipoona vile akamwambia mumewe: "Siku nitakaposhindwa kuufikia wimbo wetu pale ulipo, naweka maiki chini siku hiyo hiyo. Na usinibembeleze." Dada mtu naye alipoacha kuimba hakumaliza mwaka, akafa. Penseli alijumlisha mambo hayo mawili, na jumla yake ikamnyima usingizi. Mkewe akijua sauti imeshuka ataacha, na akiacha atamfuata dada yake. Hesabu ndiyo hiyo, na aliibeba peke yake.

Na alikuwa amechoka, jamani. Vidole vya mkono wa kushoto viliamka vimekakamaa mpaka avitie kwenye maji ya moto. Spika ilipanda ngazi za hoteli kwa mgongo wake. Yote hayo ili kuwapigia watu wanaotafuna huku wakiangalia simu. Alichotamani ni kiti chake na redio yake, basi. Lakini alijikaza kisabuni, maana kila alipomtazama mkewe aliona mtu anayeishi kwa kuimba.

Mchana ule alipofungasha vitu, alitafuta penseli yake mfukoni mwa gitaa, hakuiona.

"Nimeitia kwenye moto pamoja na takataka," mkewe alisema akivaa hereni. "Ningeiacha ungeitumia."

Bendi ilikuwa imebaki watu watatu: wao wawili na mpiga gitaa la solo, ambaye walimwita Kisanduku kwa sababu hatembei bila kisanduku cha vifaa. Walimkuta kwenye chumba cha nyuma cha hoteli, kati ya viti vilivyopandanishwa na vitambaa vya meza. Alipoona kapo mpya akaipokea kwa mikono miwili.

"Mzee umeokoka," akasema. "Mimi ninazo tatu na hakuna inayoifikia hii. Inabana sawasawa, uzi haulii ovyo, unaihamisha kwa mkono mmoja. Ile penseli yako ilikuwa inavuta nyuzi mpaka naona haya."

"Penseli haikukaa njiani mwa kidole gumba. Na ikipotea, kila mtoto wa shule anayo nyingine."

"Sema tu hukutaka kutoa hela."

Penseli alisubiri mkewe aende kujitazama kwenye kioo cha korido, akainama. "Inang'aa," akanong'ona. "Ataona ilipo."

Kisanduku akaacha kucheka. Akaigeuza ile kapo kwenye mwanga wa dirisha, na popote ilipogeukia ilimeta. "Hapo kuna kazi," akasema.

Kulikuwa na kazi kweli. Jukwaani, wimbo wa kwanza hata haujaanza, mkewe akageuka kumpa ishara, macho yakatua shingoni mwa gitaa.

"Mbona umeibana huko kichwani? Zamani mkono wako ulikuwa huku katikati."

Penseli akajifanya anakaza uzi. Kisanduku akadakia. "Hizi za bei mbaya zina nguvu, mama. Freti mbili za hii ni sawa na tano za penseli."

Uongo wa mchana kweupe. Mpiga gitaa yeyote angeanguka kwa kicheko. Lakini mwimbaji akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema ndiyo maana wanaziuza ghali, akageukia wateja wake. Wakapiga nusu ya kwanza yote.

Wakati wa mapumziko wakarudi chumba cha nyuma. Mkewe akakaa juu ya rundo la vitambaa vya meza, akashusha pumzi ndefu.

"Baba watoto, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Kazi hii bado unaipenda?"

Penseli aliona mtego, akarudisha swali. "Wewe je?"

"Nimechoka," mkewe alisema. "Nimechoka miaka. Kila nikiikaribia ile noti ya juu nasema, haya, leo itakatika, nimalize salama niende nyumbani. Haikatiki. Mvi ninazo, magoti yamekwisha, koo tu ndilo halizeeki. Nimekuwa kama mtu anayesubiri barua ya kustaafu."

"Si ungesema tu tuache?"

"Niseme, halafu wewe umpigie nani? Hilo gitaa ndiyo roho yako. Nikaona bora sauti iniache yenyewe, hapo hata wewe hutakuwa na la kunilaumu."

Kisanduku, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga, akatoka. Penseli alibaki amesimama. Alitaka kucheka, na alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka kukaa chini, lakini kiti cha juu kwenye lile rundo hakikufikika.

"Haikatiki kwa sababu mimi naishusha," akasema. "Kapo. Nimekuwa nikiirudisha nyuma. Aliyokwambia Kisanduku ni uongo. Mbili ni mbili."

Mkewe akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu ulipougua kifua."

"Mtoto alikuwa ananyonya."

"Ndiyo."

"Mtoto huyu aliyenunua hii kapo?"

"Huyo huyo."

Penseli alitarajia kupigiwa kelele. Mkewe akakunja tu kona ya kitambaa cha meza na kuikunjua. "Ningekuwa nyumbani," akasema. "Muda wote huo."

"Niliogopa. Dada yako alipoacha kuimba..."

"Dada alikuwa mgonjwa kabla hajaacha. Ndicho kilichomwachisha. Alikataa tuseme, nikanyamaza hata kwako." Akakiachia kile kitambaa. "Na mimi je, pale mbele? Nilikuwa najiona nani?"

"Ulikuwa unaimba vizuri."

"Sikukuuliza hilo."

Penseli akaitazama kapo. Alikuwa amemficha mtu koo lake mwenyewe, akaita mapenzi, na pengine yalikuwa mapenzi, lakini sasa aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Mhudumu akagonga, akasema wateja wanauliza kama muziki umekwisha. Mkewe akainuka, akanyoosha gauni.

"Weka pale pa zamani," akasema.

"Huwezi kufika."

"Najua siwezi. Weka."

Jukwaani, Penseli akaibana freti ya tano. Kisanduku aliporudi na kuiona pale, akafungua mdomo, akaufunga, akavitafutia vidole vyake mahali ambapo havijagusa siku nyingi. Mkewe akaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda, kwa shida lakini ulikwenda, na watu wawili watatu wakainua vichwa kutoka kwenye sahani. Akaanza kupanda. Penseli alimwona akivuta pumzi na kunyanyua kidevu, akaiendea ile noti waziwazi, kwa nguvu zake zote, na sauti ikakwaruza, ikakatika.

Hakujaribu tena. Akazima maiki, akailaza sakafuni taratibu.

"Imekatika," akamwambia mumewe, si wateja. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka, na Penseli hakujua ashike lipi. Akasimamisha mkono.

"Usiache," mkewe akasema. Akaja akakaa juu ya spika, karibu na goti lake, akajifuta uso kwa kiganja. "Endelea mpaka mwisho. Huu wimbo sijawahi kuusikia nimekaa."

Penseli akaendelea. Vidole vilimuuma kila alipobadilisha, na hakuruka hata kipande kimoja.