Kisiwa cha Ngumi

Shafik alivua shati, akalikunja vizuri kama anayejiandaa kulala, akanipa nimshikie. Umaru naye akanipa viatu na simu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zawadi ya mshindi ni mimi, na zawadi imebebeshwa mizigo.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 2014, kwenye kijisiwa cha mchanga ndani ya khori, mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji wa Waarabu tuliokwenda kutafuta kazi, mkabala na karakana za mashua za Al Jaddaf. Walinzi wa Kiganda, Shafik na Umaru wakiwemo, walikiita Kisiwa cha Ngumi. Kambini walikolala kulikuwa na kamera, na mlinzi aliyepigana alirudishwa kwao. Basi wenye ugomvi walivuka huku na shahidi mmoja, wakaumizana kwa heshima. Heshima! Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa hata undama ulikuwa haujawatoka.

Mimi nilifanya kazi za ndani Mirdif kwa Madam Kuruthum, Mzanzibari aliyeninyooshea Kiswahili. Ijumaa moja kwa mwezi ndiyo iliyokuwa yangu, kwa sharti moja: nikichelewa Magharibi, Ijumaa zimekwisha. Nilidhani nimealikwa kula samaki.

"Atakayeshinda ndiye atampigia kaka yako simu ya mambo ya mahari," Shafik alisema.

"Na mimi nimeulizwa lini?"

"Wewe wacha, Fortunate," Umaru akanikata. "Haya ni maneno ya wanaume. Yalla!"

Wakavaana. Ngumi moja, pumziko refu, mchanga machoni, kikohozi. Jua likateremka. Niliwadharau mpaka nikajidharau na mimi kwa kukaa kuwatazama.

Kwetu Uganda, katika ziwa Bunyonyi, kuna kisiwa ambako zamani msichana aliyeshika mimba kabla ya ndoa aliachwa afe. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua bure. Bibi alinionyesha kisiwa hicho kila tulipokipita. Shule nilikwenda kwa mtumbwi, miaka saba. Katika miezi yote ya kunibembeleza, si Shafik wala Umaru aliyewahi kuniuliza nimezaliwa wapi.

Nikasukuma mashua tuliyovukia, nikashika kasia. Walipogeuka nilikuwa mbali, na wote wawili hawajui kuogelea.

"Fortunate! Tutarudije?"

Ng'ambo, karakanani, nilimkuta fundi wa mashua akipigilia misumari. Nikamkabidhi shati, viatu na simu, nikamwambia kuna wanaume wawili kule, awafuate akimaliza kazi yake. Asifanye haraka.

Adhana ya Magharibi ilinikuta mlangoni Mirdif, nikikung'uta mchanga, na Ijumaa ya mwezi ujao ikiwa bado yangu.