Upande wa Mutwanga

...amwambie tu amkataze mumewe, neno moja, yaishe, lakini Denise anakaza msuko kwanza, vidole vimo kichwani mwa Wamaitha, Mkenya wa benki ambaye kila mwezi huja Bellevue, mtaa huu wa wahamiaji, kusukwa kwenye chumba hiki cha mbele, na leo tangu aketi habari ni moja, Roy anataka kupanda Ruwenzori, si Kilimanjaro wanakokwenda watu wote, Ruwenzori, kwenye matope na mvua, hadi kilele cha Margherita, na jioni anataka jibu la mkewe... "Wewe umetoka huko, Mama Joël, nimwambie nini?"... nje teksi zinapigiana honi kwenye robot, taa za barabarani, Denise anachukua fungu jingine la nywele, analigawa, anavuta, ndiyo, ametoka huko, Mutwanga, upande wa Kongo, chini kabisa ya mlima ambao wiki nzima waweza usiuone kwa mawingu, na Wamaitha anaendelea, Roy amesoma kila kitu, eti mjukuu wa mfalme wa Italia ndiye aliyefika kileleni wa kwanza, zaidi ya miaka mia iliyopita, akakiita kwa jina la malkia wao, kisha Wabelgiji wakaja wakapandia upande wa Kongo... Denise anaitikia mmm, Wabelgiji walibebewa mizigo na babu yake, na watalii wa baadaye walibebewa na baba, Paluku, na wote wawili waliishia palepale, kwenye kibanda cha mwisho, barafu inapoanzia, mgeni anafungwa kamba na kiongozi wake, wanaendelea juu, mpagazi anabaki, anachemsha chai, anangoja, ndivyo kazi ilivyokuwa, na baba alipokufa Denise alikuwa bado msichana wa shule, wanaume walimteremsha kwenye machela ya mianzi, mama akawaambia watu waliojaa uani kwamba watalii walimwita, akaenda kazini, mlima ukamchukua, na tangu siku hiyo Denise anawachukia wapanda milima, kwa utulivu tu, kama mtu asiyekula samaki... "Kinachoniudhi," Wamaitha anasema, "hakuna anayemtuma. Si kazi. Anataka tu afike, atazame, arudi"... mjinga, Denise anawaza, mtu mwenye mshahara na watoto, nani huenda kwenye barafu bila kutumwa, nani... na vidole vinasimama, kwa sababu mkanda wa baba, ule unaopita kwenye paji la uso kushika mzigo mgongoni, siku ile ya machela ulikuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, Denise mwenyewe aliushika, akaunusa, ulinuka jasho lake, na mpagazi hapandi bila mkanda, atabebaje... na watalii gani, mwaka ule wa vita, hakuna mgeni aliyefika Mutwanga, na wanaume walisema walimkuta juu ya barafu, mbali kupita kibanda, naye miaka yote amelisikia hilo kama ukatili wa mtu fulani aliyemlazimisha... hakukuwa na mtu fulani, baba aliondoka mikono mitupu, na sweta lake la kanisani, akipiga mluzi, na mama alijua, alisema kazi kwa sababu watu wa uani wangeielewa kazi, mjane wa mpagazi hupewa pole, mjane wa mtu aliyetaka tu kuona kuna nini huko juu huchekwa... alifika? hakuna ajuaye, na hasira yote hii, alikuwa akimwekea nani... "Mama Joël? Umeacha kusuka."

"Baba yangu alifia kwenye mlima huo," Denise anasema, na Wamaitha anaanza kugeuka kitini, pole sana, jamani, alikuwa akiwabebea wazungu, eh, na jibu la siku zote liko tayari kwenye ulimi, ndiyo, kazini...

"Hapana. Hakubeba kitu. Alikuwa anapanda."

Kisha anamshika kichwa taratibu, anakirudisha mbele, anatafuta fungu linalofuata.