Zamu ya Ijumaa na Ndege ya Dakika Sifuri

Haya ni ya kweli tupu, chumvi haijatiwa hata punje. Asiyeamini aende Helsinki, mtaa wa Kallio, asome karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa sauna ya jengo moja la ghorofa.

Karatasi ile ndiyo katiba ya jengo. Kila nyumba ina saa yake moja ya kuoga mvuke kwa wiki, na Ijumaa saa moja jioni, zamu ya wateule, ilikuwa ya Taisto Kuronen, fundi mstaafu wa tramu. Aliingoja miaka kumi na mmoja, mpaka jirani mmoja alipofanya hisani ya kufa. Irja Malmivaara, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa na Jumanne saa tisa alasiri, wakati hata mawe ya jiko la mvuke hayajashika moto.

Basi Taisto akaenda Stockholm kumwona dada yake, akarudi msafiri mkubwa. Kwenye kikao cha kahawa cha wakazi aliwafundisha kwamba kilomita mia nne za kwenda kule ndege huzimaliza kwa dakika sifuri. Akatoa tiketi: kuondoka saa moja asubuhi, kufika saa moja asubuhi. Ndani ya ndege kahawa haikugawiwa, alisema, maana muda wa kuinywa haukuwapo.

Irja akamkumbusha kwamba saa za kule ziko nyuma kwa saa moja. Taisto akamjibu kwa upole wa anayemfariji mgonjwa kwamba saa ni saa, na saa moja ya Waswidi ndiyo hiyohiyo saa moja yake. Mbona basi, akauliza Irja, tiketi ya kurudi inaonyesha safari ya saa mbili nzima?

"Upepo," akasema Taisto.

Watu wakacheka, na kicheko kikampanda kichwani. Akaweka dau mbele ya wote: Irja akimfanya akiri kwamba kuna tofauti hata ya dakika moja, achukue zamu ya Ijumaa. Akishindwa, amwokee mikate ya iliki mwaka mzima.

"Mwalimu, anza kununua unga."

Irja akanunua kweli. Akaoka sahani moja, akaipeleka kwa wenye zamu ya Ijumaa saa kumi na mbili, nao wakamwachia zamu yao.

Ijumaa, saa moja kamili, Taisto akashuka na taulo begani, bia mbili na soseji zake. Mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga, akasema zamu yake imefika.

"Kwa Waswidi ndiyo kwanza saa kumi na mbili," ikajibu sauti ya Irja katikati ya mvuke, "na saa ni saa. Umebakiza saa nzima, bwana msafiri. Keti."

Akakaa. Akapiga hesabu. Saa nzima ikipita ingekuwa saa mbili, zamu ya kina Hyttinen, watu sita wasiojua mzaha, ambao huwahi kushika foleni, na tayari walikuwa wakishuka ngazi na ndoo zao. Bia ilizidi kupata joto.

"Mwalimu."

"Naam."

"Tofauti ipo."

"Kiasi gani? Sema kwa sauti, kina Hyttinen wasikie."

"Saa moja."

Mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono mwekundu wenye kalamu. Taisto akafuta jina lake kwenye Ijumaa kwa mkono wake mwenyewe, akaandika la Irja, kisha akajiandika Jumanne saa tisa. Mkono ukapokea kalamu, ukaingia, ukatoka tena, ukachukua soseji moja.

"Soseji haikuwa kwenye dau," akalalamika Taisto.

"Hiyo ni ya upepo."